Trakoma: Je, Upofu Hurithiwa?



Katika vigango vya Mbulu na Hanang tumeulizwa mara nyingi: kwa nini bibi, mama na binti wa boma moja huumwa macho, na majirani wanaochota maji kwenye lambo lile lile ni wazima? Wengine husema ni ugonjwa wa ukoo, hauna dawa. Kwa imani hiyo akina mama hukaa nyumbani wakingʼoa kope kwa kibanio hadi kioo cha jicho kinaharibika.

Trakoma huletwa na bakteria aitwaye klamidia. Huenezwa kwa mikono, nguo za kufutia uso na inzi. Mtoto huambukizwa tena na tena. Kila mara kinga ya mwili hupambana na bakteria huyo, na mapambano hayo huumiza ngozi ya ndani inayofunika jicho na kuacha makovu. Baada ya miaka mingi makovu huikunja ngozi hiyo, kope huingia ndani na kukwaruza jicho. Hivyo kinachopofusha zaidi ni kinga ya mwili wenyewe.

Kinga hiyo hutofautiana kati ya mtu na mtu, na urithi unachangia. Uchunguzi wa mapacha nchini Gambia, uliochapishwa mwaka 2009, ulionyesha kuwa vinasaba vina sehemu katika jinsi kinga inavyopambana na klamidia. Nchini Oman pia watafiti walihusisha baadhi ya vinasaba vya kinga na upofu wa trakoma. Lakini hakuna kinasaba kimoja kinachoamua nani atapofuka.

Kwa hiyo kinachorithiwa ni wepesi wa kupata makovu, siyo ugonjwa. Pasipo maambukizi, makovu hayaji. Tena, familia hushirikiana mengi zaidi ya damu: kitanda, kanga ya kufutia nyuso, uhaba wa maji. Wanawake, ambao ndio walezi wa watoto, hupofuka kwa trakoma hadi mara 4 zaidi ya wanaume.

Ushahidi mkubwa uko katika nchi hizo hizo mbili. Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kuwa trakoma si tatizo tena la afya ya jamii nchini Oman mwaka 2012 na Gambia mwaka 2021. Vinasaba vya watu wao havikubadilika. Kilichobadilika ni upasuaji, dawa, usafi wa uso na mazingira.

Tunaziomba kamati:
- ziorodheshe katika kila jumuiya wenye kope zilizoingia ndani, na kuwafikisha kwa mratibu wa huduma za macho wa wilaya;
- zihimize watoto kunawa uso kila siku, na kila kaya kuchimba choo.

Kwenu wafadhili, kila kisima kinachochimbwa karibu na watu ni kinga ya macho. Familia yenye urithi dhaifu ndiyo inayohitaji maji hayo kuliko wote.