Kenge Akikwama na Gamba, Usimchune

Wengi wetu huku Garsen tukiona kenge twawazia kuku na mayai yetu, na mkono watafuta rungu. Kijana mmoja jirani yangu yeye anamfuga. Alimwokota akiwa mdogo, maji ya mafuriko ya 2024 yalipopungua. Juzi alimleta kwangu, gamba la zamani limemng'ang'ania vidoleni, akitaka kujua kama alivute.

Asilivute. Nyoka hulivua gamba lake zima kama soksi, lakini kenge huambuka vipande vipande, leo mgongo, keshokutwa miguu. Kwa hivyo kipande kikibaki mgongoni siku kadhaa, si ugonjwa. Hatari iko vidoleni na kwenye ncha ya mkia. Hapo gamba likikauka huwa kama pete. Kenge anakua, pete haikui, na safari nyingine ya kujivua huongeza pete juu ya pete. Damu haipiti tena. Kidole huvimba, huwa cheusi, mwisho hukatika. Na ukilivuta kwa nguvu, unang'oa na ngozi changa iliyo chini yake.

Dawa ni maji. Tia maji ya uvuguvugu kwenye beseni, yafike tumboni tu, umkalishe humo kama nusu saa huku ukimwangalia. Mtoe, mpitishe ndani ya kitambaa kilicholowa ajisugue mwenyewe. Pete ya kidoleni isukume polepole kwa pamba mbichi kuelekea ukuchani. Ikikataa, rudia kesho. Kidole kilichokwisha kubadilika rangi mpeleke kwa daktari wa mifugo. Nawe unawe mikono kwa sabuni, maana wanyama hawa hubeba vijidudu vya salmonela.

Kisa chenyewe kilikuwa boksi la katoni chini ya bati, kaskazi hii, bila maji ya kuogea. Kenge wa Tana ni wa maji! Anataka karai la kujitosa mwili mzima, jiwe la kujikwaruza, na pembe yenye mchanga wenye unyevu.

Kisha kuna sheria. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inataka kibali cha KWS kwa anayefuga mnyama wa porini, na huyu kijana hana. Nimemwambia akawaeleze mwenyewe. Anasitasita, ajua watamchukua. Mimi naona heri wamchukue, vidole vingali vyote.