Moto Hauponyi Nyama Mbovu

Wiki hii nazungumzia nyama choma. Mtu wa mjini akifika vijiji vya Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, kama vile Sibwesa, haichukui muda kabla hajauliza wapi atapata mbuzi wa kuchoma. Jibu langu ni hili: kabla ya kufuata moshi, tafuta muhuri.

Kuchoma kwenyewe kunataka subira. Mchomaji hodari haweki nyama juu ya ndimi za moto. Huacha kuni ziungue mpaka yabaki makaa yaliyofunikwa na jivu jepesi, ndipo aweke wavu. Mafuta yakidondoka, moshi hupanda na kuitia nyama ile harufu inayomsimamisha mpita njia. Chumvi na ndimu vyatosha. Pilipili na kachumbari huja mezani. Waarmenia nao huchoma nyama yao, khorovats, juu ya makaa hivyo hivyo, wakiitunga kwenye vyuma kama mishikaki yetu.

Lakini moto una mipaka yake. Nyama ikiiva hadi ndani, vimelea vya tegu hufa. Ndiyo maana mimi hukata kipande kinene katikati. Nikiona bado kibichi, nakirudisha kwenye wavu. Kimeta ni habari nyingine. Vijidudu vyake hujifunika ganda gumu na vinaweza kustahimili moto wa jikoni. Mnyama aliyekufa ghafla kwa ugonjwa huo ni hatari kwa mchunaji, mpishi na mlaji, hata nyama ikichomwa ikakauka.

Hapo ndipo ilipo kazi ya mkaguzi. Humtazama mnyama kabla ya kuchinjwa, kisha hukagua mapafu, ini na nyama, na akiridhika hupiga muhuri. Basi kula pale paja linaponing'inia mbele yako, muhuri unaonekana, nawe unajichagulia kipande na kupimiwa. Ukiletewa nyama iliyokwisha kukatwakatwa, kwa bei ya kutupa, uliza imetoka wapi.

Uliza pia kama ni nyamapori, maana Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974, iko mkoa huo huo. Muuzaji wa halali ana kibali. Ukinunua kwa asiye nacho, waweza kufikishwa mahakamani pamoja naye.

Wachinjaji huuza kile wateja wanachokubali. Tukidai muhuri, watauleta. Na kudai ni kazi yetu sisi tunaolipa.