Kugonga kwa Wakati

Tarehe 23 Oktoba 1951, katika uwanja wa Maracanã jijini Rio de Janeiro, Hélio Gracie, Mbrazili mwenye umri wa miaka 38, alikabiliana na Masahiko Kimura, bingwa wa judo kutoka Japani aliyemzidi uzito na nguvu. Katika raundi ya pili Kimura aliukamata mkono wa Hélio, akaukunja kuelekea mgongoni na kuuzungusha hadi ukavunjika. Hélio hakusalimu amri. Kaka yake, Carlos, ndiye aliyelisitisha pambano. Mbinu ile hadi leo huitwa Kimura, kwa jina la mshindi.

Mashabiki wa jiu jitsu ya Kibrazili husimulia kisa hiki kama ushahidi wa ushujaa, na huenda kwa siku ile na mbele ya umati ule kilikuwa hivyo. Lakini karani, mwalimu wa shule au muuguzi anayefanya mazoezi jioni baada ya kazi hana umati wa kumshangilia, na kesho yake anauhitaji mkono wake. Kwake yeye, ukaidi wa Hélio ni mfano wa hatari.

Mchezo huu ni mtoto wa judo. Mitsuyo Maeda, mwanafunzi wa shule ya Kodokan ya Tokyo, alifika Brazili mwaka 1914 na baadaye akaweka makazi Belém. Kutokana na mafundisho yake ukoo wa Gracie uliendeleza mapambano ya chini, mkekani. Hakuna ngumi wala teke. Mpinzani huangushwa, hudhibitiwa, kisha hulazimishwa kukubali kushindwa kwa kupigwa kabali au kwa kupindwa kiungo. Aliyezidiwa hugonga mkeka au mwili wa mwenzake mara mbili au zaidi, au hutamka kwa sauti, na mwenzake humwachia papo hapo. Mabondia hawawezi kuangushana kwa ngumi kila jioni na kubaki na akili timamu, ilhali wachezaji wa jiu jitsu hupambana karibu kwa nguvu zao zote mara kadhaa kwa wiki. Kinachowawezesha ni ule mgongo mdogo wa kiganja.

Kwa hiyo kujifunza kugonga ni sehemu ya kwanza ya mafunzo, na kwa wengi ndiyo ngumu zaidi. Mwenye mkanda mweupe anaweza kushindwa mara kumi kwa jioni moja, pengine na mtu mdogo kuliko yeye kwa umbo. Anayeichukulia kila mara kama fedheha hukakamaa, huzuia pumzi na kungoja muujiza. Wala si wageni peke yao: mwenye mkanda wa buluu au wa zambarau huona haya kugonga kwa mwenye mkanda mweupe, na haya hiyo imewapeleka wengi hospitalini. Mwalimu mzuri hahesabu nani kamshinda nani mazoezini. Hutazama kama anayebana anabana polepole, na kama anayebanwa anajua tayari amenaswa.

Kujua huko kuna sababu ya kitabibu. Kiwiko kinaponyooshwa kupita kiasi, maumivu hutangulia na kutoa onyo. Goti halina hisani hiyo. Kisigino kinapozungushwa huku mguu umebanwa, msokoto hupanda gotini, na mara nyingi kano huwa zimekwisha kuchanika kabla maumivu makali hayajasikika. Ndiyo maana shirikisho la kimataifa la mchezo huu liliikataza mbinu hiyo kwa muda mrefu, na mwaka 2021 likairuhusu kwa watu wazima wa mkanda wa kahawia na mweusi tu, katika mashindano yasiyotumia vazi la kimono. Mchezaji agonge pale mbinu inapokamilika, asingoje iume. Na anayemeza dawa za maumivu ili aweze kwenda mazoezini amejifunga kitambaa machoni.

Kabali lina hesabu yake. Likipigwa sawasawa halizibi koo. Hubana mishipa mikubwa ya damu pande mbili za shingo, na mtu huweza kupoteza fahamu ndani ya takribani sekunde kumi. Akiachiwa, kwa kawaida huzinduka baada ya sekunde chache, wakati mwingine akitetemeka kiasi cha watazamaji kudhani ana kifafa. Alazwe chali na pumzi yake iangaliwe. Asirudi mkekani siku hiyo. Asipozinduka upesi, au akizinduka na kubaki amechanganyikiwa, apelekwe hospitali mara moja.

Hatari iliyo adimu lakini nzito zaidi ni kuchanika kwa ukuta wa ndani wa mshipa wa shingo, ambako huweza kuleta kiharusi hata kwa kijana mwenye afya. Dalili zinaweza kujitokeza saa au siku kadhaa baadaye: maumivu mapya ya shingo au kichwa ya upande mmoja, kope kulegea, kizunguzungu, kuyumba, usemi mzito, udhaifu wa mkono au mguu. Hali hii haitaki kusubiri asubuhi. Mganga ambaye hajawahi kuona mkeka wa jiu jitsu anaweza kukutana na jeraha lilelile kwa mtu aliyekabwa na wezi usiku, kwa kile ambacho Dar es Salaam huitwa roba na Nairobi ngeta. Huyo hakuwa na pa kugonga, na mara nyingi huja akilalamikia simu iliyoibwa kuliko shingo.

Wachezaji wengi huficha mchezo wao wanapofika kliniki, wakihofia kuambiwa tu waache. Swali likiulizwa bila lawama, mengi hujitokeza: sikio lililovimba kwa damu, ambalo likitolewa damu mapema huepuka kukakamaa na kuharibika umbo, choa mkononi, jipu ambalo mchezaji amelifunika kwa plasta na kuendelea kugusana ngozi na wenzake. Mwenye choa au jipu akae nje ya mkeka hadi atibiwe, na vazi lake lifuliwe kila baada ya mazoezi. Mwenye goti lililovimba aulizwe jambo moja zaidi: alipokamatwa mguu, aligonga lini?