Mume Wangu, Peugeot na Springi za Valvu

Dada yangu, kama umeolewa na mwanaume mwenye gari la zamani, unajua hiyo ni ndoa ya wake wawili. Sisi tunaishi Kibiti, na mke mwenzangu ni Peugeot 404. Namvumilia kwa sababu ana jina: mwaka 1966 na 1967 Bert Shankland na Chris Rothwell walishinda Safari Rally wakiwa na 404. Wazee wa rika la baba mkwe wanaisimulia mpaka leo.

Tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe mwaka 2003, hakuna tena foleni ya pantoni pale Ndundu. Lami imenyooka mpaka Lindi, na mwenzangu kapata hamu ya kukimbia. Alishafunga kabureta kubwa. Bado springi ngumu za valvu tu, akasema. Na pesa? Ile tuliyoweka kwa ajili ya ada ya mtoto!

Sikununa. Niliongozana naye gereji.

Valvu zinafanyaje kazi?

Fundi alinieleza bila makuu. Kemshafti inasukuma tapeti, tapeti inasukuma fimbo, fimbo inainua roka, roka inafungua valvu. Kuifunga ni kazi ya springi.

"Shemeji, injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila valvu inafunguka mara 50 kwa sekunde moja," akaniambia.

Springi iliyochoka haiwezi mwendo huo. Valvu inachelewa kurudi, nguvu inapotea, na ikikutana na pistoni inapinda. Hapo hununui springi tena, unanunua injini.

"Si ndiyo maana nataka ngumu!" mume wangu akadakia.

Fundi akacheka. Springi ngumu kupita kiasi zinakandamiza kemshafti na tapeti mpaka zinalika. Fimbo dhaifu inapinda. Ukiimarisha kimoja, angalia na jirani zake. Akatupa masharti yake:

1. Springi ziendane na kemshafti. Valvu ikiwa wazi kabisa, pete za springi zisigusane.
2. Fimbo zote 8 ziviringishwe juu ya kioo. Iliyopinda itupwe.
3. Roka na shafti yake zikaguliwe. Zilizolika zibadilishwe.
4. Kemshafti mpya iende na tapeti mpya, na ipakwe grisi yake maalumu. Injini ikiwaka mara ya kwanza, ishikiliwe kwenye mizunguko kama 2,000 kwa dakika 20. Isiachwe sailensa.
5. Nafasi za valvu zipimwe upya baada ya kutembea kidogo.

Tukapiga hesabu palepale. Kazi nzima ilizidi mbali bei ya springi, na kufunga springi peke yake kungekuwa kutupa ada shimoni. Tukakubaliana: ada ilipwe kwanza, gari litembee polepole, vifaa vinunuliwe kimoja kimoja mpaka pesa ya korosho iingie. Alinuna siku mbili, ya tatu akala ugali kama kawaida.

Sasa injini inavuta vizuri na haigongi. Jumapili nyingine tunateremka Nyamisati kununua kamba wa delta, naye anaimba njia nzima.

Dada, usimwambie mwanaume auze gari lake. Nenda naye gereji, uliza kila kifaa kinafanya nini na kinagharimu kiasi gani. Fundi mkweli atakusaidia kusema yale ambayo ukisema mwenyewe nyumbani yanaitwa ugomvi.