Uongozi wa Kujitolea katika Vyama vya Waandishi wa Sayansi na Suala la Istilahi: Majoreni kama Kielelezo

Makala haya yanahusu kazi moja ambayo aghalabu haihesabiwi miongoni mwa kazi za chama cha waandishi wa sayansi, nayo ni kazi ya kuchagua neno. Viongozi wa vyama vya namna hii huchaguliwa ili waitishe mikutano, watafute wafadhili, watunze ada na kutetea hadhi ya wanachama wao. Hawachaguliwi kusanifu lugha. Hata hivyo, pale sayansi inapoandikwa kwa Kiswahili, uamuzi wao, au kutoamua kwao, huifikia hadhira kubwa na upesi kuliko kamusi nyingi za istilahi. Ili jambo hili lisielee katika nadharia tupu, litatazamwa kutoka mahali pamoja, yaani Majoreni.

Majoreni ni kijiji cha pwani ya kusini ya Kenya, katika Kaunti ya Kwale, kati ya Shimoni na Vanga, si mbali na mpaka wa Tanzania. Lugha ya nyumbani kwa walio wengi ni Kidigo, na Kiswahili hutumika sokoni, shuleni na barazani. Pande zake zote kuna lahaja ambazo wanaisimu wanazijua vyema: Kivumba katika Wasini na Vanga, na Kichifundi upande wa kaskazini. Lahaja hizo mbili zilielezwa na H. E. Lambert katika vitabu vyake vidogo vya mwaka 1957 na 1958. Kwa hiyo hapa si mahali palipokosa maneno.

Tena si maneno ya nyimbo na mashairi peke yake. Msitu wa maji ya chumvi, ambao Kaunti ya Kwale inao kwa zaidi ya hektari 8,000, una msamiati kamili katika Kiswahili cha pwani. Kuna mkoko wenyewe, ule ambao wanabotania huuita Rhizophora mucronata; kuna mkandaa, ambao maganda yake hutia rangi na kutengenezea ngozi; kuna mchu, muia, mkomafi, msikundazi na kikandaa; na kuna mlilana, unaosimama mbele ya yote na kupigwa na mawimbi. Fauka ya hayo, miti hiyo ikishakatwa huitwa kwa unene wake: fito, kisha pau, kisha boriti, kisha nguzo. Mtaalamu anayekadiria uzito wa msitu naye huanza kwa kupima unene wa shina. Yaani kipimo chake cha kwanza kina ngazi zilizokwisha kupewa majina na wakataji na wajenzi tangu zamani, ijapokuwa ni nadra kumwona mwandishi wa sayansi akizitumia ngazi hizo. Huandika “mikoko” kwa miti yote, na fundi wa nyumba anayemsoma hubaki akijiuliza ni mti upi unaosemwa.

Tatizo kubwa zaidi ni la neno lililokuja kutoka nje ya msitu. Mwaka 2013, katika Ghuba ya Gazi, kaskazini ya Majoreni, ulianza mradi wa Mikoko Pamoja, ambao vijiji vya Gazi na Makongeni huhifadhi hektari 117 za msitu na kupata fedha kwa kuuza haki za kaboni iliyohifadhiwa humo. Mnamo mwaka 2019 mradi wa pili, wenye hektari 460, ulizinduliwa upande wa kusini, katika Vanga, Jimbo na Kiwegu. Majoreni iko kati ya miradi hiyo miwili, na haimo katika orodha ya vijiji vilivyotajwa. Habari za biashara hii huifikia kwa njia ya jirani, redio na gazeti, na ndiyo sababu inafaa kuwa kielelezo: hapa msomaji au msikilizaji hana mtaalamu wa kumsahihisha mwandishi.

Basi mwandishi humwambia nini? Katika magazeti na redio husikika “hewa ukaa”, “hewa ya ukaa”, “hewa chafu”, “gesi ya kaboni” na “kaboni” peke yake, pengine yote katika habari moja. “Hewa ukaa” ni istilahi nzuri pale inapotaja gesi itokayo katika moshi wa viwanda na magari. Lakini kilichomo katika msitu wa Majoreni si gesi. Mti umekwisha kuivuta gesi hiyo na kuigeuza kuwa shina, jani na mzizi. Majani na mizizi hiyo ikifa hufukiwa katika tope, na kwa kuwa tope hilo limejaa maji na halipati hewa, haiozi upesi. Sehemu kubwa ya kaboni ya msitu wa namna hii imo ardhini kwa sababu hiyo. Kwa maneno mengine, kitu kinachodumu kwa kuwa hewa haikifikii kimepewa jina la hewa. Mwanakijiji anayeambiwa kwamba jirani zake wa Vanga wanauza hewa ana haki ya kucheka, au kushuku, na hapana budi kukubali kwamba shaka yake ina mantiki zaidi kuliko sentensi aliyoisikia.

Yapo makosa yenye madhara zaidi. Haki zinazouzwa katika biashara hiyo zimewahi kuitwa “mikopo ya kaboni”, tafsiri iliyofuata umbo la neno la kigeni na kuacha maana yake. Kwa Mswahili yeyote mkopo ni deni. Hulipwa, na mara nyingi huwekewa dhamana. Katika pwani ambayo suala la hatimiliki za mashamba lina historia ndefu na chungu, kumwambia mtu kwamba msitu wake utaingizwa katika mikopo ni kumwambia kwamba unaweza kuchukuliwa. Neno “hati” au “vyeti” lingesema kweli zaidi, maana kinachouzwa ni uthibitisho kwamba kiasi fulani cha kaboni kimehifadhiwa. Jambo hili lilipata uzito wa kisheria mwaka 2023, wakati Bunge la Kenya liliporekebisha Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi. Sheria hiyo inataka kuwepo mkataba wa maendeleo na jamii, na kwa miradi ya ardhini inataka jamii ipewe asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia. Asilimia 40 ya nini, na kwa kuuza nini? Atakayetia sahihi mkataba lazima awe na jibu, na jibu hilo litakuwa katika lugha aliyozoea kusikia mambo hayo yakielezwa.

Katika vijiji vya pwani hii, mwenye kueleza ni mtu asiyelipwa. Kanuni za mwaka 2007 ziliunda vikundi vya usimamizi wa fukwe, ambavyo kila kimoja kina mkutano wa wanachama na kamati ya utendaji iliyochaguliwa. Sheria za misitu nazo, tangu ile ya mwaka 2005, zikaruhusu vyama vya jamii vya kuhifadhi misitu. Mwenyekiti na katibu wa kikundi hicho ni wavuvi au wachuuzi wa samaki, na shughuli zao za uongozi aghalabu hazina mshahara. Anapopokea waraka ulioandikwa Kiingereza, au habari ya gazeti iliyoandikwa Kiswahili cha aina iliyoelezwa hapo juu, katibu huyo huwageuzia wenzake kwa Kidigo papo hapo. Yeye ndiye msanifu wa mwisho wa istilahi, na pengine ndiye peke yake anayejua ni neno gani lililokataliwa na wasikilizaji.

Upande wa pili wa barabara hiyo ndefu wapo viongozi wengine wasiolipwa, nao ni wale wa chama cha waandishi. Desturi ya vyama hivi si ya Afrika Mashariki pekee. Nchini Marekani waandishi kumi na wawili waliunda chama chao cha taifa mwaka 1934. Waingereza walifuata mwaka 1947. Shirikisho la dunia la waandishi wa habari za sayansi lilianzishwa mwaka 2002 katika mkutano uliofanyika Brazil, na nchini Kenya chama kijulikanacho kwa kifupi kama MESHA, kinachowakusanya waandishi wa habari za mazingira, sayansi, afya na kilimo, kiliundwa mwaka 2005. Kwa kawaida viongozi wa vyama vya namna hii ni wahariri na waandishi wenye kazi zao za mchana. Barua za chama huandikwa usiku, na muda wa uongozi ukiisha, aliyejua mengi huondoka nayo. Ni kweli kwamba uongozi wa namna hii una nguvu yake. Mwenyekiti asiyelipwa hana uwezo wa kumwamuru mwanachama, hivyo hulazimika kumshawishi, na uamuzi uliopatikana kwa kushawishiana hushikwa na wengi. Mwaka 2011, mkutano mkuu wa dunia uliokuwa ufanyike Cairo ulihamishiwa Doha kwa sababu ya mapinduzi ya Misri, na ulifanyika. Watu wa kujitolea si lazima wawe dhaifu.

Udhaifu uko kwingine. Chama kisicho na fedha zake hutegemea miradi ya wafadhili, na kila mradi huja na mada yake: chanjo, mbegu, bahari, tabianchi. Ombi la fedha huandikwa Kiingereza, warsha huendeshwa Kiingereza, na ripoti hurudishwa kwa Kiingereza. Mwandishi hupata ujuzi wa mada, kisha hurudi chumba cha habari na kutafuta Kiswahili chake peke yake, saa moja kabla ya taarifa kusomwa. Hakuna aliyekusudia iwe hivyo. Lugha si kazi ya mtu yeyote katika chama, kwa hiyo huachiwa kila mtu.

Hapa historia ya Kiswahili yenyewe inafaa kukumbukwa. Kamati ya Lugha iliyoanza kazi Januari 1930, ikiwa na Frederick Johnson kama katibu, iliendeshwa na wajumbe waliokuwa na kazi nyingine serikalini na katika misheni. Iliacha kamusi ya mwaka 1939 na Kiswahili sanifu chenyewe. Iliacha pia lawama ambazo hazijaisha, maana katika miaka yake ya mwanzo wenye lugha hawakuwa miongoni mwa wajumbe. UKUTA, chama cha washairi kilichoanzishwa mwaka 1959, kilikuwa na sura tofauti kabisa: wenye lugha ndio waliojitolea. Baadaye kazi ya istilahi ikakabidhiwa taasisi zenye wataalamu wa kuajiriwa, na Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, ni tunda lake. Hiyo ni kamusi ya darasa. Haikuandikwa kwa ajili ya biashara ya kaboni, ambayo wakati huo haikuwepo, wala kamusi yoyote haiwezi kuwa tayari siku neno jipya linapotua mezani kwa mhariri. Pengo kati ya siku hiyo na toleo lijalo la kamusi huzibwa na waandishi, wapende wasipende.

Kwa hiyo lipo jambo moja ambalo uongozi wa chama cha waandishi wa sayansi ungeweza kulifanya bila kungoja mfadhili: kuongeza katika kamati yake cheo cha mtunza istilahi. Kazi yake isiwe kubuni maneno. Iwe ni kuandika kila neno linalotumiwa na wanachama kwa dhana moja, tarehe lilipoanza kuonekana, na jinsi lilivyopokelewa na wasikilizaji mahali kama Majoreni. Orodha hiyo ingekabidhiwa kwa kiongozi ajaye pamoja na daftari la fedha, na nakala ingepelekwa katika idara ya lugha ya chuo kikuu, ambako wapo wanafunzi wanaotafuta data za utafiti kila mwaka. Waandishi wangepata hukumu ya wataalamu. Wataalamu wangepata kitu ambacho hawakipati kwa urahisi, yaani ushahidi wa istilahi ikiwa kazini.

Pingamizi la kwanza ni la gharama, nalo ni la haki. Kujitolea si sawa kwa kila mtu. Mhariri mwenye mshahara jijini Nairobi anaweza kutoa Jumamosi zake kwa chama. Mwandishi wa Kwale anayelipwa kwa kila habari iliyochapishwa hupoteza chakula cha siku anaposafiri kwenda mkutanoni. Hivyo vyeo vya kujitolea huelekea kushikwa na walio karibu na makao makuu na mbali na wasemaji ambao maneno yao yanahitajika. Kosa la Kamati ya mwaka 1930 linaweza kurudiwa bila mtu kufungiwa mlango, kwa nauli tu. Mtunza istilahi wa pwani atahitaji nauli na gharama za simu kutoka katika ada za wanachama, hata kama hatalipwa ujira. Katibu wa kikundi cha ufuo naye, akiombwa kusikiliza habari ikisomwa na kusema ni wapi haieleweki, asifanywe mtoa data wa bure.

Majira nayo yana neno lake. Kikao cha kusoma kikiitishwa wakati wa kaskazi, maji yakiwa mazuri, wavuvi watakuwa baharini na atakayehudhuria ni yule asiye na chombo. Wakati wa kusi bahari huchafuka, vyombo vidogo vingi hubaki pwani, na watu hukaa kutengeneza nyavu. Huo ndio wakati wa kumwuliza mvuvi kama mkopo na hati ni kitu kimoja.