Madume wa bwawani: wanashindana, lakini wengine wanasaidiana

Wandugu wanamemba, shida hii tunaijua hapa Kipushi: unaweka tilapia bwawani, unalisha miezi sita, siku ya kuvua unatosha ndoo ya visamaki sawa vidole. Mara nyingi si chakula tu. Njo namna samaki wanazaana.

Dume wa tilapia anachimba shimo pa maji mafupi, analichunga, anafukuza kila dume anayekaribia. Jike anachagua shimo, anataga, halafu anabeba mayai kinywani. Siku hizo hakuli vizuri, kwa hiyo hakomei haraka kama dume.

Kupigana si njia moja tu. Katika ziwa Tanganyika, upande wa Kalemie, kuna samaki Lamprologus callipterus. Dume mkubwa, anayepita jike uzito zaidi ya mara kumi, anakusanya maganda matupu ya konokono ili majike watagie ndani. Kumbe kuna madume wadogo sana wanaojipenyeza ndani ya ganda na kurutubisha mayai kwa wizi. Tena kwa samaki Julidochromis wa ziwa hilo hilo, mara nyingine madume wawili wanakaa na jike mmoja katika ufa wa mawe, wote wanachunga watoto.

Tilapia yetu haina ushirika huo. Ushirika tuulete sisi:

1. Bwawa la uzazi: dume 1 kwa majike 3. Madume wakizidi, nguvu zinaishia kwa vita.

2. Bwawa la kunenepesha: madume peke yao. Geuza samaki, tazama chini ya tumbo: dume ana matundu mawili, jike ana matatu. Majike wachache wakibaki, watajaza bwawa lote watoto.

3. Madume wawe wa kimo kimoja, na chakula kitawanywe pande zote, wakubwa wasiwanyime wadogo.

Kuchagua samaki ni kazi ya macho na mikono mingi. Memba mmoja achunge bwawa la uzazi, wengine wanenepeshe, siku ya kuchagua wote wafike. Mwezi wa 6 na wa 7 maji yanapoa, uzazi unapunguka. Basi tupangane mapema, joto likirudi mwezi wa 9 wazazi wawe tayari.

Hivyo bukari itapata samaki wa kujaza sahani, na soko pia.