MOTO WA MWANZO WA KIANGAZI NA MOTO WA MWISHO WAKE

Siku ya Jumapili, tarehe 11 Oktoba, mwaka 2020, moshi ulionekana ukipanda kutoka ubavuni mwa Mlima Kilimanjaro, karibu na mahali paitwapo Whona, ambapo wapandao mlima kwa njia ya Marangu hupumzika kati ya kituo cha Mandara na kile cha Horombo. Usiku ulipoingia, watu waliokaa bondeni waliweza kuuona moto wenyewe kwa macho yao, umejifunga mlimani kama mshipi mwekundu. Mamia ya watu walipanda kwenda kuuzima, askari wa hifadhi, wanafunzi, wapagazi na wanavijiji, na wengi wao hawakuwa na silaha ila panga, jembe na tawi bichi la mti. Wakuu wa hifadhi walisema siku zile kwamba yamkini ulianza mahali palipokuwa pakipashwa moto chakula cha wageni. Ulipokwisha kuzimwa ilionekana kwamba kilometa za mraba karibu 95 zilikuwa zimeungua.

Watu wengi wasikiapo habari za Kilimanjaro huwaza juu ya theluji, nao husikitika kwa kuwa theluji ile yapungua mwaka hata mwaka. Lakini mtaalamu mmoja wa mimea, Andreas Hemp, aliyeuchunguza mlima huo kwa muda mrefu, aliandika mwaka 2005 kwamba hasara iliyo kubwa zaidi haiko kileleni. Iko katika msitu wa juu. Hali ya hewa imekuwa kavu kuliko zamani, moto huja mara nyingi zaidi na kwa nguvu zaidi, na mpaka wa juu wa msitu umerudi chini kwa meta mamia kadha. Msitu huo ni wa miti ya erika, yenye majani madogo membamba na matawi yaliyoota ndevu za kijivu. Ukungu upitapo katikati ya miti hiyo hunaswa na majani, ukageuka kuwa matone, na matone hayo huanguka chini hata siku ambayo mvua hainyeshi kabisa. Mti ukiisha kuteketea, ukungu hupita bure.

Maji yatokayo katika misitu ya Kilimanjaro ndiyo yanywayo migomba na mibuni ya Wachagga, ndiyo yaingiayo katika mto Pangani, na hata upande wa Kenya mabwawa ya Amboseli hulishwa na maji yapitayo chini ya ardhi kutoka mlima huo huo. Wala Kenya haikuepukana na balaa la namna hii katika milima yake yenyewe. Mwezi wa Machi 2012 moto mkubwa uliwaka katika Mlima Kenya, ukala nyasi na vichaka vya juu na kuingia msituni.

Baada ya kila moto wa namna hii shauri moja husikika, kwamba moto upigwe marufuku kila mahali, na kila awashaye kiberiti porini akamatwe. Kwa msitu wa mlimani wenye ukungu na unyevu, shauri hilo ni jema, kwa kuwa miti ya huko haikuzoea moto. Kwa nyika na kwa misitu ya miombo ni shauri baya, na ubaya wake umekwisha kupimwa.

MASHAMBA YA NDOLA

Mwaka 1933, huko Ndola katika nchi iliyoitwa wakati ule Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, palitengwa vipande vya msitu wa miombo ili vichunguzwe. Aliyesimamia kazi hiyo alikuwa Colin Trapnell, mtaalamu wa mimea ambaye baadaye alifanya kazi Kenya na kusaidia kuchora ramani za uoto wa pande za kusini-magharibi mwa nchi hii. Mpango wake ulikuwa mwepesi kuelezwa, lakini ulihitaji subira ya miaka mingi. Kipande kimoja kilichomwa kila mwaka mwanzoni mwa kiangazi, wakati majani hayajakauka sawasawa. Kingine kilichomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, karibu na Oktoba, kabla tu ya mvua. Na kingine kilikingwa na moto kabisa.

Matokeo yaliandikwa mwaka 1959. Kipande kilichochomwa mwisho wa kiangazi kilikuwa kimekoma kuwa msitu. Miti mikubwa ilikuwa imekufa mmoja mmoja, michanga haikupata nafasi ya kukua, na nyasi ndefu zilikuwa zimetawala. Kipande kilichokingwa kilikuwa kimesongamana, hata miti ya namna ya msitu mzito ilianza kuingia. Na kile kilichochomwa mapema kilikuwa bado msitu wa miombo, wenye miti mikubwa na michanga pamoja. Kiberiti kilikuwa kile kile na nchi ni ile ile. Tofauti ilikuwa miezi michache tu.

Sababu yake si ya kufichika. Mwanzoni mwa kiangazi nyasi bado zina maji ndani, ardhi haijawa kavu, na moto hutambaa chini ukiruka mahali pabichi, ukiacha nchi ya mabaka, hapa peusi na hapa pa kijani. Mabaka hayo meusi ndiyo ngao ya miezi ijayo, kwa maana moto mwingine ukija Septemba hufika hapo ukakosa chakula. Mwishoni mwa kiangazi kila kitu ni kikavu, upepo una nguvu, na ndimi za moto hupanda mpaka kwenye matawi. Wakati huo miombo mingi imekwisha kuchipua majani yake mapya mekundu, maana miti hiyo huchipua kabla ya mvua, hivyo moto huikuta ikiwa na machipukizi yaliyo laini kabisa.

Msomaji aweza kuuliza kwa nini basi nchi yote isikingwe kama kile kipande cha tatu. Jibu ni kwamba kipande kidogo chaweza kulindwa na watu wachache, lakini si mamia ya maili ya pori. Mwaka wa kwanza moto hauji, wa pili hauji, na nyasi kavu zalundikana juu ya nyasi kavu. Siku mmoja apitapo na kutupa kipande cha sigara, moto utakaotokea si ule wa miaka yote. Wamarekani walijifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Tangu mwaka 1935 amri ya idara yao ya misitu ilikuwa kwamba kila moto uwe umedhibitiwa kabla ya saa nne asubuhi ya siku ya pili. Katika miaka ya 1970 waliiacha amri hiyo, baada ya kuona jinsi misitu yao mikavu ya misonobari ilivyojaa kuni.

Mti wa mninga, ambao kila fundi seremala anaujua, waonyesha vizuri jinsi miti ya nchi kavu inavyoishi na moto. Mche wake huchomoza wakati wa mvua, na kiangazi kikija shina lake hufa, ama kwa moto ama kwa ukame. Asiyejua hudhani mche umekufa. Kumbe mzizi wake uko hai, nao hunenepa kila mwaka chini ya ardhi, mwaka baada ya mwaka, mpaka msimu mmoja unapokuwa na akiba ya kutosha kurusha shina juu kwa haraka lipite urefu wa ndimi za moto. Tangu hapo gome lake nene humlinda. Lakini moto wa Oktoba hupanda juu sana, na mninga mchanga uliosubiri miaka hiyo yote hurudishwa tena chini.

KAZI YA KUCHOMA

Kuchoma mapema si kuwasha na kwenda zako. Wazee wa wafugaji wa nchi nyingi za Afrika walichoma nyasi zao kipande kwa kipande tangu zamani, wakifuata dalili za majani na upepo, na yafaa ikubaliwe kwamba mabwana misitu wengi wa siku za ukoloni waliwalaumu kwa moto wote bila kutofautisha wa Juni na wa Oktoba.

Kwanza majirani wote huarifiwa, na ruhusa ya wenye mamlaka hupatikana, kwa kuwa sheria ya misitu ya Kenya haimruhusu mtu kuwasha moto msituni kwa hiari yake. Kisha hulimwa au kufyekwa njia ya kuzuia moto kuzunguka mahali pote patakapochomwa. Siku huchaguliwa yenye upepo mwepesi usiogeukageuka, kwa maana upepo wa kigeugeu umewaua watu wengi waliodhani wanajua kazi hiyo. Wakati mzuri ni jioni, jua linapopungua nguvu na umande u karibu.

Hapo ndipo wageni wa kazi hukosea. Wao huwasha upande upepo utokako, na moto hukimbia mbele yao kama farasi aliyekata kamba. Mjuzi huanza upande wa pili, kule upepo uendako, kando ya njia iliyolimwa, ili moto urudi polepole ukipingana na upepo. Moto wa namna hiyo ni mfupi na mpole, nao huacha nyuma yake ukanda mweusi uzidio kupanuka. Ukanda ukiwa mpana wa kutosha, na pande mbili za ubavuni zikiisha kuchomwa pia, ndipo huwashwa upande upepo utokako, na moto huo hukimbia kukutana na mwenzake, ukafa kwa kukosa majani. Watu hukaa mpaka kila gogo litoalo moshi limepasuliwa na kufunikwa udongo. Gogo moja laweza kushika moto ndani yake siku nyingi, likangoja upepo.

NCHI ILIYOUNGUA HAIRUDI YENYEWE SIKU ZOTE

Wengi husadiki kwamba moto ukikoma, miti itarudi. Habari za Mara na Serengeti zaonyesha kuwa mambo yana mafundo zaidi. Katika miaka ya 1960 mioto mikubwa ya kila mwaka iliangamiza miti katika sehemu kubwa za nchi hiyo, pande zote mbili za mpaka. Kisha likatokea jambo ambalo hakuna aliyelipanga kwa ajili ya miti. Ng'ombe wa majirani wa mbuga walichanjwa sotoka, na katika miaka ya 1960 ugonjwa huo ukatoweka kwa nyumbu pia, ambao walikuwa wakiupata kwa ng'ombe. Nyumbu waliokuwa kama robo milioni mwaka 1961 wakazidi milioni moja kufikia mwaka 1977. Midomo hiyo yote ilikula majani ambayo yangalikuwa chakula cha moto. Mioto ikapungua, na upande wa Serengeti migunga michanga ikaanza kusimama. Daktari wa mifugo mwenye sindano alifanya kazi ya bwana misitu bila kujua.

Lakini upande wa Mara mambo hayakwenda hivyo. Watafiti Holly Dublin, A. R. E. Sinclair na J. McGlade walieleza mwaka 1990 kwamba huko tembo walikuwa wamejaa, nao waliing'oa na kuila michanga kila ilipochomoza katika majani. Tembo peke yao wasingaliweza kuuondoa msitu ule. Moto ndio uliouondoa. Ila msitu ulipokwisha kuondoka, tembo waliweza kuuzuia usirudi, hata moto ulipokuwa umepungua. Kwa hiyo anayetaka kuiponya nchi iliyoungua hana budi kuuliza maswali mawili, nini kiliua miti, na nini kinaizuia sasa. Majibu yaweza kuwa tofauti. Katika mashamba ya watu wanaozuia mara nyingi si tembo bali mbuzi na ng'ombe, waingizwao haraka kwa kuwa majani mateke yachipuayo katika majivu ni matamu. Majani hayo huota kwa akiba ya mizizi, na yakiliwa kabla hayajaijaza tena akiba hiyo, ardhi hubaki uchi wakati mvua ijapo.

Na mvua ya kwanza ndiyo ya kuogopwa kwenye miteremko. Maji huteremka upesi yakichukua majivu na udongo wa juu. Matawi yaliyoungua, yakilazwa kwa kukingama na mteremko na kushindiliwa, hupunguza mbio za maji, nayo hayagharimu kitu. Visiki vising'olewe, kwa kuwa miombo na miti mingine mingi huchipua kutoka shinani.

Milimani subira yatakiwa zaidi. Mwerezi hufa kwa moto, lakini mbegu zake hupenda kuota mahali peupe penye jua, na misitu mizuri ya mierezi katika Kenya yafikiriwa kuwa ilianza juu ya nchi iliyoungua zamani. Hapo kupanda miti ya kigeni kwa haraka ni kuiziba nafasi yake. Erika nayo huchipua shinani, mradi moto usirudi kabla miti haijakua. Ukirudi kila baada ya miaka michache, mti huwa kichaka, na kichaka hakinasi ukungu kama mti. Tarehe 21 Oktoba 2022 moto uliwaka tena Kilimanjaro, safari hii karibu na kituo cha Karanga.

Moja ya chanzo cha mioto hiyo ya mlimani, kwa maelezo ya Hemp, ni warina asali, ambao huwafukuza nyuki kwa kienge cha moto na kukiacha chini ya mti. Katika Kenya sheria ya mwaka 2016 huruhusu vyama vya wenyeji kufuga nyuki msituni kwa mapatano na idara inayohusika, na mwenye mizinga yake hutumia chombo cha bati chenye mfuniko, kitoacho moshi bila mwali. Makaa yake humwagwa shimoni na kufukiwa, kisha mtu hushuka nyumbani na asali yake.